Laptopu Inayotoka Jasho

Svilen Kutsarov alikuwa msomaji hodari, ingawa alisoma kitu kimoja tu: tanzia za milangoni. Kila Jumanne asubuhi alizunguka mitaa ya Gabrovo, mji wetu wa Bulgaria unaosifika kwa ubahili, mikono nyuma, begi la ngozi begani, akisimama mbele ya kila jengo la ghorofa na kuzisoma karatasi zilizobandikwa pale kwa utulivu wa mtu aliye katika makumbusho. Nani kafa, lini, alikuwa na kazi gani, ameacha nani. Waliokufa juzi aliwaruka. Waliotimiza mwaka aliwaruka pia. Yeye aliwataka wa siku arobaini, kwa sababu siku hiyo wageni wameshakula ngano ya kuchemsha ya matanga wakaenda zao, na mjane ameanza kufungua makabati na kujiuliza vitu vyote hivi atavifanyia nini.

Jumanne ya kwanza ya Machi, kwenye jengo moja karibu na kiwanda cha zamani cha sufu, alikuta picha ya mwanamume mwenye masharubu na kofia ya majani. "Siku arobaini bila mpendwa wetu Tihomir Bozhkov, mhandisi, mume, mkulima wa mizabibu." Neno mhandisi Svilen alilisoma mara mbili. Mhandisi huacha laptopu. Fundi bomba huacha spana, na spana hazina soko. Akanyoosha kola, akavaa glavu nyeupe, akabonyeza kengele.

Aliyefungua alikuwa Nedyalka Bozhkova, mwanamke wa miaka sabini na minne, mwembamba, kitambaa cheusi kichwani. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha rangi na vanishi, na tunaomba msomaji aliweke hilo pembeni, tutalihitaji. Svilen alimpa pole, akampa na kadi yake iliyoandikwa "Daktari wa Laptopu". Akaeleza kwamba marehemu alimpigia simu wakati wa baridi kulalamika kuwa mfuniko wa laptopu yake unanata, wakapanga aje, na tazama, mauti yamewatangulia.

Marehemu hakumpigia mtu yeyote. Ila Svilen alijua jambo ambalo watu wengi hawalijui: laptopu nyingi za miaka ile zilipakwa juu utando laini wa mpira, zipendeze mkononi, na utando huo ukizeeka huyeyuka taratibu na kunata kama peremende iliyolambwa. Hauna madhara yoyote. Kama mfuniko haunati, Svilen huomba radhi kwa kukosea mlango na kwenda zake. Huu ulikuwa unanata. Alipouwekea kidole, glavu ilibaki pale pale.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "umeigusa hii kwa mkono mtupu?"

"Nimeifuta vumbi."

"Lini?"

"Jana."

"Ukanawa?"

Nedyalka alitazama viganja vyake. Hakukumbuka kama alinawa. Siku zile hakukumbuka hata kama amekula.

Svilen alimweleza kwamba hilo ni jasho la betri. Betri imeoza ndani, sumu inapenya kwenye plastiki na kutokea juu. Ifungwe katika blanketi, itiwe kwenye mfuko wa taka, ipelekwe mahali maalumu ikateketezwe. Na kwa hali yoyote isiwashwe, kwa sababu mashine inayotoka jasho ikiwashwa, hata yeye daktari hakai karibu nayo.

"Ndani kuna sauti yake," Nedyalka alisema.

Akamweleza, kama watu wanavyomweleza mgeni mambo wasiyoweza kuwaambia ndugu. Tihomir alipolazwa Januari alijua Machi hatakuwepo, na Machi ndiyo mwezi wa kupogoa mizabibu. Miaka arobaini na tisa aliipogoa mwenyewe, hakumruhusu mke wake kushika mkasi. Basi akaomba aletewe laptopu hospitalini, akarekodi dakika kumi na saba za maelekezo: ukate wapi, uache macho mangapi ya kuchipua, mti upi ni mkaidi. Nedyalka alikuwa bado hajaisikiliza. Alikuwa anajikusanyia moyo.

Hapa mtu mwingine angeona haya, angalau kidogo. Svilen aliinamisha kichwa.

"Sauti ndiyo inayoliwa kwanza, mama," akasema. "Pole sana."

Akaondoka na laptopu, pamoja na ada ya leva ishirini ya kuiteketeza. Nedyalka alimfungia mlango, akaenda jikoni kunawa mikono, akanawa mpaka maji yakapoa.

Mwanamke aliyejua kila kitu kinachonata duniani, kwa nini kinanata na kinatolewa kwa dawa gani, alidanganywa kuhusu kitu kinachonata. Watu wa mji wetu walipolisikia walicheka sana. Mimi sikucheka. Siku ya arobaini mtu hajui kitu.

Jioni ile ile, katika chumba alichopanga juu ya duka la mikate, Svilen alifanya kazi yake pekee ya halali, na lazima tumpe haki yake: aliifanya vizuri. Alihakikisha laptopu imezimwa, akachomoa waya, akatoa betri, ambayo ilikuwa nzima kabisa. Akalowesha kitambaa laini kwa spiriti kali ya duka la dawa, kitambaa na si laptopu, akakikamua kisidondoshe, akaanza kufuta mfuniko polepole, kipande kwa kipande, mbali na kioo na mbali na matundu. Utando ukatoka kama masizi. Kitambaa kikichafuka anachukua kingine. Kwenye mikunjo na kuzunguka vitufe alitumia vijiti vya pamba vya masikio. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha hakuigusa, maana ile huila plastiki yenyewe, wala brashi ngumu inayoacha mikwaruzo. Mwisho akapitisha kitambaa kikavu. Chini ya ule utando wa kunata kulikuwa na plastiki nyeusi, ngumu, inayong'aa kama kiatu cha askari wa gwaride.

Ndani hakugusa. Hakufuta picha, hakufuta barua, hakufuta chochote. Wanunuzi hutazama mfuniko, basi Svilen naye alisafisha mfuniko, na kwa kweli hata maisha yake mengine aliyaendesha hivyo hivyo.

Jumapili Nedyalka alikwenda sokoni kununua mkasi wa kupogolea, kwa sababu wa Tihomir ulikuwa mkubwa kwa mkono wake. Kati ya meza ya vyombo vya udongo na meza ya soksi aliona meza ya laptopu zinazometa, na kibao: "Zimetoka Ujerumani. Mtumiaji mmoja." Nyuma ya meza alisimama Svilen, bila glavu. Hakumtambua. Huyu bwana hakukumbuka sura za watu, alikumbuka mifuniko.

Kwenye kona ya laptopu ya tatu palikuwa na alama ya kuungua, ndogo, yenye umbo la haragwe. Tihomir aliiunguza mwenyewe kwa chuma cha kulehemu wakati anatengeneza redio, akanuna siku mbili.

"Na hii alama?" Nedyalka aliuliza.

"Ya kiwandani, mama. Wajerumani hupiga mhuri mashine nzuri tu."

Akamwomba aiwashe. Svilen akaiwasha kwa furaha. Kwenye kioo ikatokea picha ya shamba la mizabibu, na katikati mwanamke aliyeinama, mgongo kwa kamera, kitambaa cha maua kichwani.

"Huyu ni nani?"

"Mjerumani," alisema Svilen. "Kule kando ya mto Rhine. Leva mia tatu na themanini."

Nedyalka alimtazama Mjerumani yule, ambaye gauni lake bado alikuwa nalo kabatini. Akili ilimrudia pale pale, yote kwa pamoja, pamoja na miaka thelathini na mmoja ya vanishi. Utando wa mpira. Spiriti kali. Mtoto wa mwaka wa kwanza maabara angejua. Alitaka kumpiga kwa mkasi ambao bado hajaulipia.

Alikwenda polisi. Askari, kijana mpole, akamwomba risiti. Risiti alikuwa nayo, ni nani Gabrovo anayetupa risiti, lakini kwa miaka kumi na mitatu wino ulikuwa umefifia na kuisha, akaweka mezani karatasi nyeupe tupu. Askari akashauri aelewane na muuzaji. Yaani ainunue. Leva mia tatu na themanini zilikuwepo, ndani ya kopo la unga, lakini mtu wa Gabrovo kununua kitu chake mwenyewe kutoka kwa aliyemwibia ni jambo ambalo wazee wetu wangetoka makaburini kulizuia. Kwa bahati ubahili ule ule uliilinda laptopu isiuzwe: kila aliyepita alitaja nusu bei, kisha robo, kisha akaenda kununua soksi.

Muda haukuwepo. Macho ya mizabibu huvimba mwishoni mwa Machi, na yakishafunguka huwezi tena kukata. Nedyalka alikwenda ng'ambo ya mto kwa rafiki yake Minka, aliyefanya naye kazi maabara, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha treni. Walikaa jikoni kwa muda wa saa mbili, wakiunganisha mambo: daktari alikuja Jumanne, siku ya arobaini, tanzia ya mhandisi ikiwa mlangoni. Kisha Minka akamwita mume wake, Asparuh, aliyekuwa sebuleni akitazama mpira.

"Asparuh," alimwambia, "utakufa kidogo. Asubuhi moja tu."

Asparuh aliuliza kama itakuwa na gharama.

Sasa ni lazima mtuelewe. Sisi hatuamini magazeti. Hatuamini utabiri wa hali ya hewa, wala mizani ya mchinjaji, wala shemeji. Lakini karatasi yenye picha na msalaba juu ya mlango hatujawahi kuitilia shaka, wala haijamjia mtu akilini kwamba inaweza kudanganya. Nani atamwekea aliye hai tanzia? Hata Svilen, aliyemdanganya kila mtu kwa kila njia, kwenye tanzia alikuwa muumini kama bibi kizee.

Jumanne ya tatu ya Machi, saa mbili asubuhi, ilibandikwa kwenye mlango wa Minka. "Siku arobaini bila mpendwa wetu Asparuh Denkov, mhandisi wa kompyuta, mtu mwema, mkarimu, mwenye subira." Asparuh alikuwa dereva mstaafu wa trekta. Aliposomewa maandishi hayo alitaka apewe nakala, akasema katika ndoa ya miaka arobaini na sita hakuwahi kusikia hata moja ya sifa hizo. Akaingizwa kwenye stoo ya chakula, akapewa simu ya kupigia picha na onyo asikohoe.

Saa tatu na robo Svilen alikuwa mlangoni, glavu mkononi, akieleza jinsi marehemu alivyompigia simu.

"Alikuwa akikutaja, daktari," alisema Minka, macho mekundu kwa kitunguu. "Karibu. Sijui nianzie wapi. Zipo saba."

Svilen alikaa chini. Juu ya meza zilikuwa laptopu saba, nyeusi, zinanata zote. Miaka minane ya kazi yake hajawahi kuona saba mahali pamoja. Alizigusa moja moja kwa kidole, na kila moja ilikishika kile kidole kama mtoto anayeomba asiachwe. Zilikuwa nzito, za zamani za maana.

Hazikuwa laptopu. Yalikuwa magamba matupu yaliyotoka kwa mpwa wa Asparuh, mnunuzi wa vyuma chakavu, yakajazwa vipande vya vigae vya paa. Na kilichonata juu kilipikwa na Nedyalka kwenye sufuria ya Minka: petmezi, yale maji ya zabibu yanayochemshwa mpaka yawe mazito, pamoja na jelatini ya keki na masizi kidogo kwa rangi. Zabibu zilikuwa za Tihomir.

Mkono wa Svilen ulikwenda wenyewe kwenye kitufe cha kuwashia.

"Usiiwashe!" Minka alipiga kelele mpaka kitu kikaanguka stoo. "Samahani, daktari. Lakini nimesikia kwa watu mtaani, inayotoka jasho haiwashwi. Inalipuka. Wewe hujasikia?"

Svilen aliuondoa mkono. Angesema nini? Angesema ni uongo? Uongo ule ulikuwa wake, aliutunga mwenyewe, ukamlisha miaka minane.

"Nimesikia," alisema. "Ni kweli kabisa, mama."

Minka akaeleza shida yake. Saba hizi achukue, zimwondokee. Ila binti yake yuko Saragosa, Uhispania, na humpigia kila siku kwa laptopu, sasa ataongea naye kwa kifaa gani? Daktari hana moja tu, nzima, isiyonata? Na iwe nyeusi kama hizi, marehemu alipenda nyeusi.

Saba kwa moja. Svilen alifunga macho kidogo, kama mtu anayeomba dua, akizihesabu. Nyeusi alikuwa nayo moja tu, ile ya alama ya haragwe, iliyokuwa inamchosha mezani Jumapili kwa Jumapili. Baada ya dakika ishirini alikuwa amerudi nayo, kaifunga kwa kitambaa safi.

Akajaribu kudai leva ishirini kwa kila moja ya kuteketeza. Minka alifikiri, akasema ni haki, halafu akamkumbusha kwamba mablanketi saba ni ya sufu, na mifuko ya taka ni ile minene, na kwamba hivyo vyote anaondoka navyo. Mazungumzo yalichukua nusu saa. Svilen alitoka mlangoni akiwa yeye ndiye aliyelipa leva kumi na nne, na hakuelewa ilitokeaje. Minka hakutumwa kufanya hivyo. Alishindwa tu kujizuia.

Wakati wote huo majirani walikuwa wanapanda ngazi. Walioisoma tanzia walishtuka kwamba Asparuh amekufa siku arobaini zilizopita na hawakuambiwa, wakaona aibu, wakaleta ngano ya kuchemsha yenye sukari na kokwa za jozi. Zilifika bakuli nne. Asparuh alitoka stoo, akazila zote, akasema aliyeweka zabibu kavu ndiye aliyempenda zaidi.

Juu ya duka la mikate, Svilen alikuwa akisafisha. Alimwaga spiriti kwenye kitambaa, akafuta. Utando haukutoka, ulikaza. Akafuta tena. Jelatini ikiguswa na spiriti hugeuka ngozi, jambo ambalo miaka thelathini na mmoja ya maabara inalijua na miaka minane ya ulaghai hailijui. Maji ya vuguvugu yangeitoa kwa dakika moja, lakini Svilen hakuwahi kuamini kitu cha bure. Saa nane mchana glavu yake ya kulia ilikuwa imegandana na mfuniko. Saa tisa alifanya alichokuwa amejikataza siku zote: alikwenda kununua dawa ya kuondolea rangi ya kucha, chupa tatu, akazimwaga juu. Plastiki ikageuka nyeupe, ikalainika, ikajikunja kama ukoko wa maziwa, na kupitia tundu ikatokea pua ya kigae chekundu.

Alifungua zote saba. Katika ya mwisho kulikuwa na kipande cha karatasi: "Pole sana, daktari. Umenawa?"

Mngedhani imeishia hapo. Svilen naye alidhani hivyo. Hasara ya laptopu moja na leva kumi na nne, mtu wa kazi yake huimeza. Jumapili akapanga meza yake kama kawaida, laptopu kumi na moja, kibao cha Ujerumani. Akashangaa kuona watu wengi sana, na wengi wakiwa wamevaa nyeusi. Kisha akaona picha yake kwenye nguzo ya taa.

Ilipigwa kupitia ufa wa mlango wa stoo. Alikuwa anatabasamu, kidole kimeshikwa. Juu kulikuwa na msalaba, chini maandishi:

"Kwa majonzi na mshangao, siku tano bila biashara ya mpendwa wetu Svilen Kutsarov, Daktari wa Laptopu. Imetutoka ghafla. Wote aliowatibu mnakaribishwa Jumapili saa nne, kwenye meza yake sokoni, kuiaga. Ameuachia mji urithi ufuatao: zima, chomoa, toa betri. Spiriti kidogo kwenye kitambaa laini, kamwe si kwenye laptopu. Futa taratibu. Kaushia kikavu. Ni bure."

Ilikuwa kwenye kila nguzo, kila mlango, na kwenye meza ya soksi. Nyuma ya kila karatasi alikuwepo Asparuh, mtu mwema, mkarimu, mwenye subira, kwa sababu tanzia zake zilibaki na hakuna mtu Gabrovo anayetupa karatasi iliyoandikwa upande mmoja.

Svilen alisema ni mzaha mbaya. Alisema zote ni za Ujerumani. Mwalimu mstaafu mmoja akanyoosha mkono, akaiwasha ya kwanza, ikatokea harusi ya binti yake. Ya pili ilitoa mbwa ambaye nusu ya mtaa ilimfahamu. Ya tatu ilitoa mume wa mtu akiwa na kofia ya Mwaka Mpya. Zote kumi na moja zilikuwa na wenyewe ndani, hakuna hata moja aliyoifuta. Yule askari mpole alisimama pembeni na tanzia mkononi, akasema safari hii hahitaji risiti. Svilen aliondoka mjini kwa basi la saa sita. Walioketi jirani naye wanasema glavu moja ilikuwa bado haijamtoka.

Siku iliyofuata Nedyalka alipanda kilimani kwenye mizabibu. Macho yalikuwa yamevimba lakini hayajafunguka. Asparuh alimbebea ngazi, maana alisema marehemu kwa marehemu lazima wasaidiane. Laptopu waliiweka juu ya ndoo iliyogeuzwa, mfuniko safi, alama ya haragwe kwenye kona. Nedyalka alivua glavu zake za bustani, akafuta vidole kwenye aproni, akabonyeza.

Kwanza ilisikika kikohozi. Alishika mkono wa Asparuh.

"Nedyalka," ilisema sauti, "anza na ule wa pembeni, mkaidi. Acha macho mawili, kata juu ya la pili. Usiwe na huruma. Na kama Asparuh yupo hapo, mwambie ashike ngazi anyamaze, hajui kitu."

Asparuh alishika ngazi, akanyamaza. Nedyalka alilia na kucheka kwa pamoja, pua ikimtiririka, kisha akapanda na mkasi, akaacha macho mawili, akakata juu ya la pili.